CHAN Ipimwe kwa Mizani Gani?

Wahenga hawakukosea waliponena: usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii ilinijia akilini Jumapili ya tarehe 17 Agosti 2025 nikiwa nyumbani Magwagwa, Kaunti ya Nyamira, nilikokuwa nimekwenda kujitenga ili niandike sura ya pili ya tasnifu yangu. Siku hiyo sura ilinishinda. Nikafuatana na mdogo wangu hadi kwenye kibanda cha kutazamia mpira pale sokoni, na mlangoni tukapokewa na ubao ulioandikwa kwa chaki: Kenya na Zambia, shilingi 20, Manchester na Arsenal, shilingi 50.

Nilimuuliza mwenye kibanda sababu ya tofauti hiyo. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji huteremka mlima. "Mwalimu," akanijibu, kwa kuwa kijijini kwetu kila aendaye chuo kikuu huitwa mwalimu, "ule ni mpira. Huu ni wetu tu." Mdogo wangu, ambaye mwenyewe ni winga wa timu ya kijiji, akatikisa kichwa kumuunga mkono. "Kaka, hawa wa CHAN ni wale waliokosa timu za Ulaya. Ukitaka ubora, ngoja saa ya pili."

Makala haya yananuia kuwajibu wawili hao. Sisemi kwamba walikosea kabisa. Mwenye kibanda ni mfanyabiashara, na bei yake ilitokana na mambo mengi. Mechi ya Kenya ilipatikana pia katika runinga isiyolipiwa, ilhali ya Uingereza ilihitaji king'amuzi cha kulipia. Hata hivyo, neno lake lile dogo, "tu", limenikosesha usingizi. Wetu tu. Wangapi kati yetu tunaosoma Kiswahili chuoni hatujaambiwa na jamaa zetu kwamba tumesomea "Kiswahili tu"? Ndiyo maana naona suala la ubora wa mashindano haya linatuhusu sisi wanafunzi na wahadhiri wa lugha na fasihi kama linavyowahusu wachambuzi wa kandanda. Ni suala la mizani: nani huitengeneza, nani huishika, na kinachopimwa kiliandaliwa kwa kusudi gani.

Kila utanzu na kanuni zake

Kwanza tukumbushane CHAN ni nini. Ni michuano ya Shirikisho la Kandanda la Afrika, CAF, iliyoanza mwaka 2009 nchini Côte d'Ivoire. Kanuni yake kuu ni moja: mchezaji haruhusiwi kushiriki isipokuwa anacheza katika ligi ya nchi yake mwenyewe. Makala ya nane, yanayoitwa CHAN 2024 ingawa yalichezwa kuanzia tarehe 2 hadi 30 Agosti 2025, yaliandaliwa kwa pamoja na Kenya, Tanzania na Uganda. Timu 19 zilishiriki. Mechi zilichezwa katika viwanja vitano: Kasarani na Nyayo jijini Nairobi, Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam, Amaan kule Zanzibar, na Mandela, yaani Namboole, jijini Kampala.

Basi mtu akisema kwamba mashindano haya hayana ubora kwa kuwa hayana nyota wa Ulaya, amesema jambo la ajabu. Ni sawa na kulilaumu shairi kwa kuwa si riwaya. Wanafunzi wa ushairi wanakumbuka mjadala uliozuka baada ya Euphrase Kezilahabi kuchapisha diwani ya Kichomi mwaka 1974. Wapo waliohukumu kwamba yale hayakuwa mashairi, maana hayakuwa na vina wala mizani ya kimapokeo. Wengine walijibu kwamba kazi ipimwe kwa kile inachokusudia kufanya na jinsi inavyokifanya. Mjadala ule haukumalizika kwa upande mmoja kuupiga mwereka mwingine, lakini ulitufunza wahakiki adabu moja: kabla hujatoa hukumu, utambue utanzu.

Historia ya fasihi simulizi inatoa funzo lilo hilo. Kwa miaka mingi masimulizi ya Kiafrika yalidunishwa kwa sababu hayakuandikwa. Mwanazuoni wa Uganda, Pio Zirimu, alilazimika kubuni istilahi mpya ili sanaa hiyo isiendelee kutajwa kama kivuli cha maandishi. Alikataa kosa la kupima kitu kwa kukosa kwake kuwa kitu kingine.

Hapo mtu anaweza kuniuliza: je, huku si kutafuta kisingizio? Kama kila kitu kitapimwa kwa kanuni zake chenyewe, nini kitakachowahi kuonekana kibaya? Swali hili ni la haki na nimelichukua kwa uzito. Kutambua utanzu hakumwondolei mhakiki wajibu wa kuhukumu. Shairi huru linaweza kuwa bovu, na lenye vina pia. CHAN inaweza kuwa bovu kama CHAN. Kwa hiyo nimechagua vigezo vinne ambavyo naamini shindano lolote la kimataifa linapaswa kuvikabili: ushindani, ufundi, maandalizi na haki, halafu athari. Nitavipitia kimoja kimoja bila upendeleo.

Ushindani

Katika kigezo cha kwanza sioni namna ya kuyadunisha mashindano haya. Tuzitazame mechi nane za mtoano, kuanzia robo fainali hadi fainali. Hakuna hata moja iliyoshindwa kwa tofauti inayozidi bao moja. Nne kati ya hizo ziliamuliwa kwa mikwaju ya penalti: Madagaska iliitoa Kenya, Sudan ikaitoa Algeria, Moroko ikaitoa Senegali katika nusu fainali, kisha Senegali ikaishinda Sudan na kutwaa nafasi ya tatu. Nusu fainali ya Madagaska na Sudan ilihitaji muda wa ziada kabla ya bao la pekee kupatikana. Fainali yenyewe, iliyochezwa Kasarani tarehe 30 Agosti, iliisha Moroko ikiwa na mabao 3 dhidi ya 2 ya Madagaska, na bao la ushindi la Oussama Lamlioui, aliyeupiga mpira kutoka mbali sana, lilipatikana dakika ya 80. Msomaji wa riwaya anajua thamani ya kisa ambacho mwisho wake hautabiriki hata ukurasa mmoja kabla.

Tena, ngazi za ukubwa zilipinduliwa. Nigeria ilifungwa na Sudan mabao 4 kwa bila kule Zanzibar. Kenya, iliyokuwa inashiriki kwa mara ya kwanza kabisa, iliwekwa katika kundi moja na Moroko, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Zambia na Angola. Moroko na Kongo zilikuwa zimetwaa kombe hili mara mbili kila mmoja. Wengi tulitarajia aibu. Kenya ikaongoza kundi kwa pointi 10. Katika safari yote ya Moroko hadi kombe lake la tatu, timu pekee iliyoifunga ni Kenya, bao 1 kwa bila, na kipindi chote cha pili Kenya ilicheza na wachezaji kumi baada ya mmoja kuonyeshwa kadi nyekundu. Tanzania na Uganda nazo ziliongoza makundi yao.

Ufundi

Hapa ndipo ninapolazimika kumpa mdogo wangu haki yake. Ushindani ni jambo moja, ufundi ni jingine. Watu wawili dhaifu wanaweza kushindana kwa usawa kabisa.

Katika mechi zake zote tano Kenya ilifunga bao moja moja, halikuzidi, halikupungua. Lilitosha dhidi ya Kongo, Moroko na Zambia. Halikutosha dhidi ya Angola, na siku ya robo fainali, tarehe 22 Agosti, bao la Alphonce Omija halikuweza kuilinda timu baada ya Madagaska kusawazisha kwa penalti. Tanzania, iliyoanza kwa kushinda mechi tatu mfululizo, haikufunga katika mechi yake ya mwisho ya kundi, wala haikufunga dhidi ya Moroko siku hiyo hiyo ya tarehe 22. Uganda, iliyokuwa imefunga mabao matatu dhidi ya Afrika Kusini katika sare ya kusisimua, haikupata bao hata moja dhidi ya Senegali kesho yake. Wenyeji wote watatu wakaaga katika robo fainali ndani ya siku mbili. Hilo si bahati mbaya tupu. Safu zetu za ulinzi zilikuwa na nidhamu, lakini umaliziaji ulikuwa hafifu. Mpira ulifika karibu na eneo la hatari, kisha mawazo yakakauka.

Lakini hebu tuulize sababu. Mshambuliaji hapati umahiri wa kufunga kwa kuhutubiwa. Anaupata kwa kupiga mashuti maelfu akiwa mtoto, katika uwanja ulio sawa, mbele ya goli lenye nyavu, chini ya macho ya kocha. Uwanja wa shule niliyosoma kule kwetu una mteremko. Kipindi cha kwanza timu moja hucheza ikipanda, kipindi cha pili ikishuka, na mpira ukipita mstari wa goli la chini huokotwa kwenye shamba la chai la jirani. Milingoti ni ya mikaratusi na nyavu hakuna. Bao likifungwa hubishaniwa hadi atokee mzee mmoja wa kuaminika aseme aliliona. Mtoto wa Magwagwa hukua akijua kukimbia, kukaba na kuvumilia. Kumalizia hakujui, kwa sababu hajawahi kuuona mpira ukitulia nyavuni. Nilipoitazama Kenya ikishindwa kupata bao la pili, niliuona uwanja ule.

Kwa hiyo udhaifu wa kiufundi upo, na anayeukana anajidanganya. Ila ni udhaifu wenye thamani kwa mhakiki, kwa maana unaonyesha mahali hasa penye kidonda. Mashindano yanayochezwa na wana wa ligi za nyumbani ni kioo cha ligi hizo. Ukiona uso wako una masizi, huvunji kioo.

Kinyume chake kipo pia. Madagaska ilimaliza ya tatu katika makala yaliyochezwa Algeria mwaka 2023, na sasa ikafika fainali. Nchi hiyo ya kisiwa haina ligi tajiri. Matokeo mazuri katika makala mawili mfululizo yanadokeza kwamba kazi ya subira katika mpira wa nyumbani huzaa. Na Sudan je? Tangu vita vilipozuka Aprili 2023, klabu zake mbili kubwa, Al Hilal na Al Merrikh, zilijikuta ugenini, hata zikacheza msimu wa 2024/25 katika ligi ya Moritania. Wachezaji wa nchi ambayo ligi yake ilifukuzwa na risasi walifika nusu fainali ya mashindano ya ligi za nyumbani. Sijui mizani ya Ulaya ingelipa jambo hilo uzito gani. Katika mizani yangu ni zito sana.

Maandalizi na haki

Kigezo hiki ndicho kilichoyatia mashindano doa, na sisi wenyeji tusijifiche nyuma ya uzalendo. Kenya ilikuwa na deni la zamani. Ilipokonywa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 1996, likaenda Afrika Kusini. Ikapokonywa CHAN ya 2018, ikaenda Moroko. Safari hii mashindano yalipangwa kuanza Februari 2025, yakaahirishwa Januari hadi Agosti kwa kuwa viwanja na miundombinu vilihitaji muda zaidi. Kuahirisha si aibu kama kupokonywa, lakini si sifa pia.

Halafu ikaja vurumai ya Kasarani. Katika mechi za mwanzo za Kenya, watu walivunja taratibu za usalama wakaingia bila tiketi. CAF ikaitoza Kenya faini, na idadi ya mashabiki walioruhusiwa kuitazama mechi ya Moroko ikapunguzwa hadi 27,000 katika uwanja unaoweza kubeba zaidi ya 40,000. Wapo waliolalamika kwamba tunaonewa. Mimi nasema hapana. Aliyeingia kwa kuruka ua alimnyima kiti yule aliyelipa, naye mwenye mtoto mkononi akahatarisha maisha yake mlangoni. Shindano bora humlinda mtazamaji wake mnyonge kwanza.

Kuna kasoro nyingine ambayo haikuzungumzwa sana, nayo ni ya hesabu. Timu 19 haziwezi kugawanywa sawa katika makundi manne. Makundi matatu yalikuwa na timu tano tano, na kundi la nne, lililocheza Zanzibar, likawa na timu nne. Maana yake ni kwamba timu za makundi matatu zilicheza mechi nne kabla ya mtoano, ilhali Sudan, Senegali, Kongo-Brazzaville na Nigeria zilicheza tatu. Robo fainali zikaamua kwamba vinara wa kundi dogo wakutane na wale wa kundi la Kampala. Matokeo? Senegali ikaitoa Uganda, Sudan ikaitoa Algeria. Sidai kwamba mechi moja ya ziada ndiyo iliyowachosha Waganda na Waalgeria. Ninachodai ni kwamba katika shindano lenye haki, swali hilo lisingezuka hata kidogo. Ni kama shairi ambalo beti tatu zina mishororo mitano na ubeti wa nne una minne. Pengine mtunzi ana sababu, lakini ni juu yake kuieleza.

Tena, ewe msomaji, tazama ramani. Viwanja vitano, miji minne. Nchini Kenya mechi zote zilichezwa Nairobi. Kutoka Magwagwa hadi Nairobi ni safari ya saa sita hivi kwa matatu, na nauli ya kwenda na kurudi inazidi pato la wiki la mchuma chai. Kisii kuna Uwanja wa Gusii na mashabiki wa Shabana, wale wa Tore Bobe, ambao waliisubiri klabu yao tangu iliposhushwa daraja mpaka iliporejea Ligi Kuu mwaka 2023, nao huujaza uwanja kwa nyimbo hata timu inapofungwa. Kama kuna mahali ligi ya nyumbani inapendwa kwa dhati, ni huko. Mashindano ya ligi za nyumbani yakapita bila kukanyaga huko. Najua masharti ya CAF kuhusu viwanja ni magumu na kwamba fedha si majani ya kuchuma. Bado nauliza: iwapo mashindano haya hayawezi kufika kwetu, nani kati yetu atakayeacha kusema "wetu tu"?

Athari

Kigezo cha nne ni kizito kuliko vyote, kwa sababu thamani ya kazi ya sanaa hujulikana kwa kile inachomfanya hadhira baada ya kufunga kitabu. Serikali ya Kenya iliahidi kila mchezaji shilingi milioni moja kwa kila ushindi, na bingwa wa Afrika akatengewa dola milioni 3.5. Siwaonei wachezaji gere. Wengi wao wanatoka katika nyumba kama ya mama yangu. Hata hivyo, kumtuza mvunaji bila kumpa mbegu mkulima ni kujiandalia njaa ya mwakani. Gharama ya ahadi ya ushindi mmoja tu kwa kikosi kizima ingesawazisha viwanja vingi vya shule vyenye mteremko.

Ryan Ogam, aliyefunga dhidi ya Moroko na Zambia, aliitoka Tusker akajiunga na Wolfsberger ya Austria mwaka huo huo wa 2025. Wengi walisema: mmeona, hata yeye amekimbia. Mimi naona kinyume. Ogam hakuonekana kwa sababu alikuwa Ulaya. Alikwenda Ulaya kwa sababu alionekana Kasarani na katika ligi yetu. CHAN ndilo dimba la pekee la timu za taifa barani lisilomdai kijana pasipoti ya Ulaya wala mkataba wa ng'ambo. Linamdai ligi ya nyumbani tu. Kwa kijana wa Magwagwa, hiyo ni ngazi ambayo kipandio chake cha kwanza kinaweza kuwa Kisii badala ya Manchester. Ukimwambia kwamba ngazi hiyo ni duni, hutakuwa umemwelekeza kwenye ngazi bora. Utakuwa umemwacha chini akiitazama ya wenzake kwa shilingi 50.

Na lugha je? Siku ile kibandani, mwenyewe alizima sauti ya runinga akafungulia redio, kwa kuwa wazee walitaka utangazaji wa Kiswahili. Redio ilitangulia picha kwa sekunde kadhaa, hivi kwamba tuliruka kushangilia bao la Ogam kabla hatujaliona. Picha ilipolifikia bao, sisi tulikuwa tumeshakaa. Nilimkumbuka marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyetuaga Februari 2025, miezi sita tu kabla ya mashindano haya. Kizazi kizima cha Wakenya kiliona mpira kwa masikio kupitia sauti yake. Mtu anayefungwa kanzu, anayepigwa tobo, anayeachia mchomo, anayekula chenga hadi akakaa chini: huo ni msamiati tulioujenga wenyewe, kwa taswira zetu, bila kusubiri kamusi. Mashindano ya Agosti yaliukutanisha msamiati wa Nairobi, wa Dar es Salaam, wa Zanzibar na wa Kampala. Mashabiki wa nchi tatu walitaniana kwa lugha moja. Kwa mashindano ya kimataifa barani Afrika, hilo si jambo dogo.

Ila sisi wa idara za Kiswahili tulikuwa wapi? Tunafundisha mitindo ya lugha, tunaitaja rejista ya michezo katika mtihani, tunawapa wanafunzi mfano mmoja uliotungwa darasani, basi. Mwezi mzima wa utangazaji ulipita hewani. Kama hakuna aliyeurekodi kwa ajili ya utafiti, tumeupoteza kama tulivyopoteza nyimbo nyingi za vibibi vyetu. Anayelalamika kwamba mwenye kibanda anadharau cha kwetu na ajiulize kama yeye amekiandikia hata ukurasa mmoja.

Hukumu

Nikijumlisha, hukumu yangu ni hii. Kwa ushindani, CHAN 2024 ilikuwa bora. Kwa ufundi ilikuwa ya wastani, yenye walinzi hodari na washambuliaji wasiokamilika, na sababu zake tunazijua. Kwa maandalizi na haki ilipita kwa taabu. Kwa athari, bado ni deni lisilolipwa. Mhakiki anayeiita takataka hakuitazama, naye anayeiita ya kupigiwa mfano hakuingia uwanjani kupitia lango la kawaida.

Deni hilo lina tarehe. Mnamo Septemba 2023, Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, kwa ombi lililoitwa Pamoja. Huko nyota wa Ulaya watakuwepo, na mwenye kibanda huenda akaandika shilingi 50 bila kuulizwa. Lakini kama viwanja vitajengwa mijini pekee, na wa shule yangu ubaki na mteremko wake, basi tutakuwa tumeazima ubora kwa mwezi mmoja na kuurudisha. Napendekeza kwa hiyo mambo mawili. Wenye mamlaka watenge sehemu ya mapato ya mashindano kwa viwanja vya shule na ligi za mashinani, tena waitangaze hadharani kabla ya mpira wa kwanza kupigwa. Nasi wa vyama vya Kiswahili tuanze sasa kurekodi utangazaji wa ligi, kuunakili na kuuchambua, ili 2027 itukute tukiwa na la kusema kuhusu lugha ya mchezo wetu wenyewe.

Ijumaa ya robo fainali tulirudi kibandani. Ubaoni Kenya na Madagaska ilikuwa shilingi 50, na watu walisimama hadi nje. Baada ya mkwaju wa mwisho wa penalti hakuna aliyezungumza kwa muda. Kisha mdogo wangu akasema, si kwangu bali kwa kundi zima, kwamba tungekuwa na mtu wa kumalizia tungeshinda dakika ya sitini. Kesho yake alfajiri, kabla ya kwenda kuchuma chai, nilimwona uwanjani peke yake, upande ule wa chini, akiupiga mpira kwenye goli lisilo na nyavu na kuteremka shambani kwa jirani kuufuata.